Uvimbe Uliosogea Kando Tu

Nilikuwa darasa la sita nilipokigundua. Nilikuwa nachana nywele asubuhi kabla ya kwenda shule. Kitana kikapita vidole viwili juu ya nyusi ya kushoto, pale nywele zinapoanzia, na umeme ukanipiga kutoka hapo hadi utosini. Sikuwa nimewahi kupigwa na umeme. Kwetu, juu ya Ikonge, haukuwapo. Lakini mwalimu wa sayansi alikuwa ametueleza jinsi unavyopita kwenye waya, na mimi nilijua mara moja kwamba ni huo. Kitana kilianguka. Nikagusa tena kwa kidole, polepole, nikapigwa tena. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama.

Sikumwambia mtu. Mimi nina aibu nyingi. Nikitumwa chumvi kwa jirani nilikuwa nasimama mlangoni bila kubisha hodi mpaka mtu atoke kwa shughuli zake na kuniuliza nataka nini. Kwa hiyo nilijifunza kuchana upande wa kulia tu, na wa kushoto nikaulaza kwa kiganja.

Nilipomaliza darasa la saba punje ilikuwa imekuwa harage. Sasa sikuweza kubeba kitu kichwani. Kata ya majani makavu ya mgomba ikigusa pale tu, nilikuwa naona nyota mchana. Nikawa nabeba debe la maji begani, kama mwanamume. Wasichana wa mtoni hawakukosa la kusema.

"Mpisheni bwana harusi ateke maji!"

"Bwana, mkeo yuko wapi leo? Amejifungua?"

Nilikuwa nacheka nao kidogo, kisha napanda mlima nikilia.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya majani chai upande wa Kericho na alirudi mara moja kwa mwezi, hivyo mambo ya nyumbani yalikuwa mikononi mwa mama na nyanya. Mama alidhani ni kichwa cha kawaida. Alinipeleka zahanati mara nne, na kila mara tulirudi na aspirini. Aliyetufumbua macho ni nyanya. Mwaka wa sita wa kukificha kitu kile, siku moja ya Sabato baada ya kanisa, alinikalisha kati ya magoti yake anisuke, na kidole chake kikatua pale. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Ehe!" nyanya alisema. "Mke mwenzangu amefuga yai kichwani na hasemi!"

Alikigusa tena, nikaruka tena. Akamwita mama. Walikiangalia kwa zamu, na nyanya akakata shauri palepale. "Hiki ni cha omobari."

Lazima nieleze kidogo. Omobari ni fundi wa kufungua vichwa. Kwetu mtu akiumwa kichwa miezi na miaka kwa sababu aligongwa, fundi huyo humnyoa, hupasua ngozi, na hukwaruza mfupa kwa kisu kidogo kilichopinda mpaka aone palipoharibika pamekwisha, kisha huifunika ngozi. Mgonjwa huwa macho, watu wamemshika. Nyanya alifanyiwa hivyo akiwa msichana, baada ya boriti ya ghala kumwangukia. Kichwani mwake kuna kibonde ambacho ncha ya kidole changu inaingia na kutulia. Alikuwa akituruhusu wajukuu tukiguse tukiwa na tabia nzuri.

Lakini omobari hafungui kichwa ambacho hakikugongwa. Hilo kila mtu analijua. Ndiyo maana nyumba yenye mgonjwa wa kichwa hutafuta pigo, na ikilitafuta hulipata. Mama alisema labda nilianguka kutoka kwenye mpera. Nyanya akasema hapana, ni lile tawi la mkaratusi lililovunjika siku ya upepo. Waliendelea hivyo jioni mbili, na mwishowe tawi likashinda. Mimi nilikuwapo, nikimenya ndizi, na sikukumbuka tawi lolote. Lakini kwetu mtoto akinyamaza amekubali, nami nilikuwa nimenyamaza.

Usiniulize kwa nini. Kila usiku nilikuwa najiambia kesho nitasema. Nilikuwa naogopa kisu kile kuliko kitu chochote, na bado niliogopa zaidi kumkatiza nyanya.

Jumapili ya wiki iliyofuata tulishuka upande wa Sironga, mama, nyanya na mimi, na jogoo mwekundu kwapani mwa nyanya. Omobari alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la suti na miguu mitupu. Alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Kando yake palikuwa na kopo la maji juu ya mafiga, na ndani ya maji yaliyochemka nilikiona kisu. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri, kama kucha ya tai.

"Nani alimgonga?" mzee aliuliza, macho yake yakiwa kwa nyanya.

"Tawi la mkaratusi."

"Lini?"

"Akiwa na miaka saba."

"Lilikuwa nene?"

"Kama mguu wako!"

"Damu ilitoka?"

"Damu?" nyanya alisema, naye sasa alikuwa ameanza kulifurahia tawi lake. "Tulijaza karai!"

Mzee akaitika, akachukua wembe, akaninyoa upande wa kushoto kuanzia kipajini hadi karibu na utosi. Alikuwa na mkono mwepesi sana. Aliuzunguka uvimbe bila kuugusa. Nilishika kigoda kwa mikono miwili nikawa namwomba Mungu kwa haraka, maneno yakigongana.

Kisha aliweka wembe chini na kunigusa kwa vidole viwili, huku na huku ya uvimbe. Akausukuma kuelekea sikioni. Ukaenda. Akausukuma kuelekea puani. Ukaenda. Akausukuma juu, haukwenda. Chini, haukwenda. Akafumba macho na kuanza upya. Kando, kando. Juu hapana, chini hapana. Halafu aliugonga kwa ncha ya kidole, mara moja, na umeme ukapita.

"Maumivu yamekwenda wapi?" aliuliza.

"Huwa yanakwenda—" nyanya alianza.

"Mama, kichwa hiki ni chako?"

Sikuwa nimewahi kuona nyanya akinyamazishwa. Mzee alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa tayari kungoja hata mpaka jua litue. Niliinua kidole nikaichora njia, kutoka juu ya nyusi hadi utosini. Aliufuata mkono wangu kwa macho.

"Na tawi je? Lilikugonga?"

Nilitazama kopo.

"Hapana," nikasema.

"Sijasikia."

"Hapana! Hakuna tawi! Sijagongwa na kitu chochote tangu nizaliwe!"

Jogoo alimponyoka nyanya. Mama alimgeukia nyanya, nyanya akanigeukia mimi.

"Sasa mbona umenyamaza siku zote hizi?"

"Hamkuniuliza mimi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa hata ikanishtua.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akakitoa kisu majini, akakikausha kwa kitambaa, akakirudisha kwenye mfuko wake wa ngozi. Kisha akatueleza, na maneno yake nilikwenda nayo kichwani njia nzima ili yasinipotee. Kingekuwa mfupa, alisema, kisingesogea. Kingekuwa mafuta tu, kingesogea kote. Hiki kilikuwa kama fundo kwenye kamba iliyokazwa, ukilisukuma kando linakubali, lakini kupanda na kushuka na kamba haliwezi. Ndani ya ngozi palikuwa na uzi, na huo uzi ulikuwa ndio unaobeba umeme.

"Mimi nakwaruza mfupa," alisema. "Nyuzi sizijui. Nikiukata huu, atabaki na nusu ya kichwa kama ubao, hasikii kitu. Mpelekeni hospitali ya mjini. Na jogoo wenu mrudi naye."

Nyanya alinuna hadi Ikonge. "Omobari gani anaogopa damu?" alikuwa anasema kila tukipanda kilima. Mimi nilikuwa naruka. Nilikuwa na kichwa kilichonyolewa nusu, kama shamba lililolimwa upande mmoja, na watoto wa njiani walikuwa wakinicheka, lakini nilikuwa naruka. Mtu alikuwa amekitazama kitu changu na kusema ni nini. Kilikuwa fundo. Na fundo hufunguliwa.

Alhamisi mama na mimi tulipanda basi, tukapita Keumbu, tukafika Kisii mjini kabla ya saa tatu. Tulipanga foleni mpaka mchana. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, kijana bado, mwenye miwani, na muuguzi wa kwetu alikuwa anamtafsiria Ekegusii cha wagonjwa.

"Anaumwa kichwa," muuguzi alimwambia baada ya mama kueleza.

Nilimwona daktari akishika kalamu. Nilijua anachotaka kuandika. Ilikuwa ile aspirini.

"Si kichwa," nikasema kwa Kiswahili. Sikuweza kurudi nyuma, maana nilikuwa nimeshaanza. "Ni hapa tu. Kikiguswa, umeme unapita hadi hapa."

Muuguzi aliinua nyusi. "Kumbe binti anakijua Kiswahili! Na cha darasani kabisa."

Daktari alisimama. Aliosha mikono, akaja nyuma yangu, akaweka vidole viwili huku na huku ya uvimbe. Akausukuma kuelekea sikioni. Nilijua kinachofuata. Akausukuma kuelekea puani.

"Hakitapanda wala kushuka," nikasema.

Vidole vilisimama. "Nani amekwambia?"

Mama alinikanyaga mguu. Hakujua neno nililosema, lakini aliijua sura ya daktari.

"Mzee mmoja wa Sironga. Alisema ni fundo kwenye kamba."

Muuguzi aliziba mdomo akicheka. "Daktari, huyo ni mmoja wa wale wakwaruzaji wa vichwa."

"Alikukwaruza?"

"Alikataa. Alisema nyuzi hazijui."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Basi mzee huyo amenipunguzia kazi nusu," alisema.

Kutoka hapo alikuwa kama mtu mwingine. Alinitazama mgongo na mikono akitafuta uvimbe mwingine, na madoa ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuona. Akauliza, kwa mdomo wa muuguzi, kama kuna mtu katika ukoo mwenye vinundu mwili mzima. Mama akasema hakuna. Akagonga chuma kidogo chenye ncha mbili, akakishika karibu na sikio hili na lile, nikamwambia nasikia kote. Akanipapasa kipaji kwa pamba. Akanituma kupigwa picha ya mifupa, nayo ilipokuja aliiinua dirishani, akasema mfupa ni mzima, haukuguswa. Halafu alitoka mbio na kurudi na kitabu kinene, akatuonyesha mchoro.

"Tazama, binti. Kila mshipa wa fahamu umevikwa ala, kama kisu kinavyovikwa ala. Uvimbe wako umeota kwenye ala. Mshipa wenyewe uko kando, umebanwa tu. Kichwani jambo hili ni nadra. Mimi nimelisoma humu. Kwa macho yangu sijawahi kuliona, hata siku moja." Alikuwa anasugua viganja kama mtu aliyewekewa pilau.

Muuguzi akamtafsiria mama. Mama aliuliza swali moja tu: "Ni kansa?"

"Sidhani," daktari alisema. "Karibu kila mara si kansa. Lakini tukikitoa tutakipeleka Nairobi kikatazamwe, na hapo ndipo nitasema kwa uhakika."

Kisha akanigeukia. Angeweza kuukata mshipa pamoja na uvimbe, alisema, kazi ya dakika kumi, na umeme ungekwisha. Lakini kutoka kwenye nyusi hadi utosini ngozi isingesikia tena, mbu wala moto. Au angeweza kuimenya ala polepole na kuuacha mshipa. Kwa njia hiyo angeweka ganzi kwenye ngozi peke yake, nami ningekuwa macho na kumwambia kila ninachosikia. Nikinyamaza, angeweza kukata asichotaka kukata.

Mama alipotafsiriwa alitikisa kichwa. "Huyu hasemi. Mwambie daktari. Huyu anaweza kuungua na asiseme."

"Nitasema," nikasema.

Upasuaji ulikuwa Jumatano iliyofuata. Walinilaza, wakanifunika uso kwa kitambaa cha kijani chenye tundu, nikawa naona mwanga tu. Sindano ilichoma, kisha pakawa pazito. Nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia, na pumzi ya daktari.

"Niko kwenye ngozi. Unasikia nini?"

"Kuvutwa tu."

"Sasa?"

"Kuvutwa."

"Endelea kusema. Sema chochote."

Sikuwa na cha kusema, nikaanza kusema. Nilimwambia kuhusu debe na bega. Nilimwambia wasichana wa mtoni walivyoniita bwana harusi. Muuguzi alicheka nyuma ya kitambaa chake, nami nikaendelea, nikamwambia kuhusu tawi la mkaratusi na karai la damu. Sijui maneno yalikuwa yamekaa wapi miaka yote ile. Yalitoka yakisukumana.

"Sasa nyamaza kidogo," daktari alisema. "Nimekiona. Ewe! Kizuri sana."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu ya kitu chochote changu.

"Unasikia nini?"

"Siafu. Wanapanda kuelekea utosini."

"Huo ndio mshipa. Na hapa?"

"Hakuna siafu."

"Hiyo ndiyo ala. Vizuri. Hapa?"

"Siafu! Wengi!"

"Basi, nimerudi nyuma."

Tulikwenda hivyo, siafu na hakuna siafu, sijui kwa muda gani. Jasho lilinijaa masikioni. Kisha akavuta mahali, na siafu wote wakapotea kwa pamoja. Sikusikia kitu juu ya nyusi, wala katikati, wala utosini. Nusu ya kichwa ilikuwa imeondoka.

"Sisikii!" nilipiga kelele. "Daktari, wamekwisha! Wote wamekwisha!"

Nikasikia chuma kikiwekwa taratibu, na kingine kikichukuliwa. Nikakumbuka ubao. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa nakipenda kichwa changu chote, hata upande ule ambao sikuwahi kuuchana.

"Niliubana. Nimeuachia," daktari alisema, sauti yake ikiwa chini. "Ngoja."

Nilingoja. Mmoja alikuja kwanza, mbali sana, karibu na utosi. Halafu wawili. Halafu wakaja kundi zima.

"Wamerudi!"

"Nani?"

"Siafu!"

"Karibuni sana," daktari alisema, na muuguzi akacheka kwa nguvu hata akaambiwa ashike taa vizuri.

Baada ya hapo kilitoka upesi. Nilikisikia kikiachia, kama punje ya harage bichi unapobana ganda. Walipokwisha kushona walinifunua uso, na daktari akanionyesha kwenye kichupa. Kilikuwa cha rangi ya njano iliyopauka, laini, kinang'aa, kizima. Nilitamani kukishika. Miaka sita nilikuwa nimekaa na kitu kile, na hatukuwa tumeonana.

Siku ya saba walitoa nyuzi za mshono. Daktari aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba. Nilimwambia hapa, hapa, na hapa. Palibaki pahali pamoja, kama upana wa kidole gumba juu ya kovu, ambapo sikusikia kitu. Akasema huenda pakaamka, huenda pasiamke. Nilimwambia hapo nampa zawadi. Wanawake wa wodini walicheka, na mmoja akamwuliza mama kwa Ekegusii kama huyu ndiye yule bubu aliyeletwa wiki iliyopita.

Lakini majibu ya Nairobi yalikuwa bado. Yalichukua wiki saba. Mama alikuwa akiomba kila asubuhi, na neno lile alilouliza hospitali hakulitaja tena. Mimi nilikuwa najigusa kila saa, nikitafuta kama kinarudi. Nyanya alisema nitakiita kwa kukitafuta.

Tulirudi mjini siku ya soko. Daktari alikuwa na bahasha mezani na alikuwa amekwisha kuifungua. Niliona meno yake kabla hajasema.

"Si kansa," alisema. "Ni kile kile tulichosema, mimi na mzee wako." Muuguzi hakuhitaji kumtafsiria mama. Mama alikuwa ameshafunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika.

Nilimwomba daktari aniandikie jina la uvimbe, nami nikalinakili kwenye daftari langu, herufi moja moja. Shwanoma. Mimi huandika polepole, na watu wengine walikuwa wanangoja mlangoni, lakini hakunihimiza.

Tulipotoka mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, ile ya Kisii isiyobisha hodi. Mama alikimbilia barazani. Mimi nilisimama nje. Nywele zilikuwa bado fupi na matone yalikuwa makubwa na baridi. Lilianguka moja kwenye nyusi, nikalisikia. Moja kwenye kovu, nikalisikia kwa mbali. Moja utosini, wazi kabisa. Nikainamisha kichwa ili mvua ifike kila pahali.

"Wewe!" mama aliita. "Utapata homa! Njoo huku!"

"Naja," nikasema, lakini nilibaki palepale, kwa sababu tone moja lilikuwa limeanguka juu kidogo ya kovu, mahali pasiposikia nilipompa daktari zawadi, na sikuwa na uhakika kama nimelisikia, nikawa nangoja lingine.